Waya Juu ya Mawe ya Kiseke

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Tumepata kazi! Hospitali ya masista, kule juu kwenye mawe ya Kiseke. Barua nimeisoma mara tatu palepale posta, nimesimama katikati ya njia, watu wananipita huku na huku. Mama mmoja akaniuliza taratibu kama nimefiwa. Hapana mama, nimepata kazi!

Naandika kwenye kitabu kilekile nilichoandikia hitilafu za laini nilipokuwa fundi wa Shirika la simu. Nilipopunguzwa kazini mwaka tisini na nne nilitoka na vitu vitatu: mkanda wa kupandia nguzo, koleo, na hiki kitabu kikiwa nusu kitupu. Zile safu za "Saa" na "Hitilafu" na "Fundi" bado zipo. Naandika juu yake tu.

Kampuni yetu ni watu wawili. Mimi na Mzee Longino, aliyekuwa anaunga nyaya Shirika tangu mimi nikiwa shule ya msingi Shirati. Macho yamemchoka sasa, lakini vidole vyake vinaona. Nguzo hapandi tena. Kupanda napanda mimi, kuunga anaunga yeye.

Otuoma, mume wangu, alivaa viatu palepale. Alitoka, akarudi na sangara mzima begani. Mtoto wetu Favour ameuliza kama na sisi sasa tutawekewa simu. Nimemwambia mafundi simu ndio hawana simu. Amenuna.

Jumanne, 6 Oktoba

Tumekwenda kuona mahali. Nyasaye wangu, Mungu wangu! Sijapata kuona hospitali iliyojengwa namna ile. Majengo matatu, kila moja juu ya mwamba wake. Chini kabisa ni utawala na chumba cha upasuaji. Katikati, dobi. Juu, ng'ambo ya korongo, wodi ya wazazi na stoo ya dawa. Kutoka chini hadi juu ni ngazi za mawe mia moja na arobaini. Nimezihesabu nikipanda. Nikishuka sikuwa na pumzi ya kuhesabu.

Kuchimba haiwezekani. Sururu ikigusa inaruka. Kwa hiyo waya utapita juu.

Sista Teodora, mkuu wa wodi ya wazazi, ndiye aliyetutembeza. Mhaya, mrefu, anaongea polepole. Nikamwuliza usiku au mchana, wakimhitaji daktari wanafanyaje. Akanionyesha rimu ya gari imening'inia kwenye kona ya baraza, na kipande cha nondo pembeni. Wanaigonga. Mtu wa chini akisikia, anamwita daktari.

"Na mvua ikinyesha?"

Akasema mwezi wa nne mvua ilinyesha, waligonga mpaka nondo ikawachubua mikono, na mama mmoja wa Misungwi akafa pale mlangoni wakimtoa kumshusha.

Mzee Longino akavua kofia. Mimi nikaanza kupima.

Ijumaa, 9 Oktoba

Ugomvi wa kwanza. Michoro ya mtaalamu wa Dar inasema waya wa kompyuta, kutoka ofisi ya utawala hadi stoo ya dawa, ni mita tisini. Na wenyewe haupaswi kuzidi mita mia, la sivyo kompyuta hazisikilizani. Mimi nimepima kwa kamba ya katani, nimepanda nayo na kushuka nayo: mia moja kumi na nane! Huyo mtaalamu alipima karatasi. Hakupima ukuta wa kushuka, wala waya kulegea katikati, wala mlima.

Bwana Ndalahwa, katibu wa hospitali, amekunja uso. Ameniuliza nimesomea wapi. Nimemwambia juu ya nguzo, miaka kumi na moja. Akamgeukia Mzee Longino: "Wewe mzee unasemaje?" Mzee akasema yeye kazi yake ni kuunga, za kupima aulizwe bosi wake.

Bosi wake! Nilitazama chini nisicheke.

Dawa yake nimeipata. Kisanduku cha kupokezana kikae katikati, dobi, chumba cha kupigia pasi ambako ni pakavu. Nusu ya safari huku, nusu kule. Wala hakuna haja ya kununua kipya, kilikuwa kimepangiwa ofisi ya utawala ambako hakina kazi. Ndalahwa akatazama mchoro, akanitazama mimi, akaukunja.

Mzee anaziita kompyuta "televisheni zisizo na taarifa ya habari".

Jumatano, 14 Oktoba

Nguzo zote sita zimesimama. Mbili tumezifunga kwenye mwamba kwa vyuma, tumetoboa kwa tindo siku tatu, viganja vyangu vimekuwa kama magaga.

Leo korongo. Mita sitini na mbili, miiba mitupu, na mawe makubwa kama nyumba. Vibarua walisema haipitiki na kamba mkononi. Mimi ni mtoto wa wavuvi. Nikanunua mshipi Kirumba sokoni na risasi ya kuzamishia, nikapanda jiwe la katikati nikiwa peku, nikazungusha mara tatu, nikaachia. Pwaa! Ng'ambo, kwenye baraza la wodi ya wazazi, karibu nimvunje muuguzi mguu. Nikageuka, nikatupa upande wa pili. Kwenye mshipi tukafunga kamba, kwenye kamba waya wa chuma, na waya wa chuma ukavuta waya wa simu na wa kompyuta. Akina mama wenye mimba walitoka nje na mashuka yao kutazama. Mmoja akapiga vigelegele!

Saa kumi jioni waya ulikuwa umekaa, umelegea kidogo katikati kama inavyotakiwa — ukiukaza sana, asubuhi ya baridi unajikata wenyewe. Nilikaa juu ya nguzo ya mwisho muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Ziwa lote linaonekana, na feri ya Kamanga ndogo kama kipande cha sabuni. Baba aliwahi kusema binti anayepanda nguzo atakosa mume na heshima. Laiti angekuwapo leo.

Alhamisi, 15 Oktoba

Ugomvi wa pili, na huu ni mkubwa.

Askofu anakuja Jumapili. Ndalahwa amekwisha kupanga: Askofu atanyanyua simu pale utawala, ataongea na wodi ya wazazi, watu watapiga makofi. Nikamwambia haiwezekani, hatujaweka ethi, ule waya wa kuipeleka radi ardhini. Waya wa shaba unaopita juu ya mawe, karibu na ziwa hili lenye radi, bila vizuia radi vilivyoshikwa na ardhi — huo ni mtego. Vizuia radi ninavyo, vidude vidogo kama kidole. Lakini havifai kitu kama haviendi kwenye udongo wenye maji, na hapa ni mwamba.

Udongo upo sehemu moja tu. Nyuma ya dobi, ambako maji ya kufulia yanamwagika. Na hapo ndipo Sista Teodora alipopanda migomba yake. Machipukizi aliyaleta na meli kutoka Bukoba, ameyakumbatia usiku mzima kama watoto. Mzee Longino akambembeleza kwa Kihaya, robo saa nzima. Sista akatikisa kichwa. Nondo za chuma kwenye mizizi ya migomba yangu? Hapana.

Ndalahwa akasema basi, tuache hiyo ethi, tuwashe, tutaweka baadaye. Nikasema siwashi.

"Mama Favour, kuna mafundi wengine mjini."

"Wapo, Bwana Katibu. Waite."

Hata Mzee, tukiwa njiani kurudi, amesema pengine kwa saa moja tu, kwa ajili ya Askofu... Nikatangulia mbele. Nimempa shikamoo asubuhi, jioni nimemkasirikia. Si vizuri.

Jumapili, 18 Oktoba

Askofu alikuja. Kwaya, mashada, mbuzi. Simu ikawa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe, imekufa. Ndalahwa akasimama mbele ya watu wote akasema kazi haijakamilika kwa sababu "mafundi wetu wanaogopa mvua". Watu wakacheka. Askofu pia alitabasamu, hakuwa na ubaya. Nilikuwa nimevaa kitenge changu kipya. Nikatamani ningekuwa nimevaa ovaroli.

Nikaenda nyuma ya dobi. Sista Teodora akanifuata. Akaniuliza, bila ukali, kwa nini nilikubali kuaibishwa badala ya kuwasha.

Nikamwambia habari za Mayala. Hii sijapata kumwambia mtu zaidi ya Otuoma. Mwaka themanini na tisa tulikuwa kwenye kituo kidogo cha simu, kijijini. Mayala alikuwa opereta, msichana wa miaka ishirini na mbili, mcheshi, anazijua sauti za wateja wote. Ethi ilikuwa imekatika, mimi niliiona asubuhi, nikaiandika kwenye kitabu hiki hiki, nikasema nitaifunga kesho. Radi ilipiga laini mchana. Alikuwa na spika masikioni. Tangu siku ile Mayala hasikii. Nikimkuta mjini ananikumbatia na kucheka, ananisomea midomo. Hajui kwamba niliiona.

Sista akasogea kwenye migomba yake. Halafu akashika shina moja la mgomba, akalisukuma kidogo kama mtu anayepima jino linalolegea.

"Chimba hapa," akasema. "Huu unazaa kidogo."

Jumatano, 21 Oktoba

Nondo tatu, kila moja mita mbili, zimezama kwenye tope kama kisu kwenye parachichi! Mgomba tumehamisha mmoja tu, Sista akisimamia. Mzee kaunga waya wa ethi kwa risasi ya kuchomelea, kainusa kazi yake kama anavyofanya siku zote, karidhika. Nimepima kwa mita. Sindano imekaa ninapotaka. Nimepima tena, kwa raha tu.

Jumamosi, 24 Oktoba

Leo tumewasha.

Hakukuwa na Askofu wala kwaya. Mzee chini kwenye swichibodi, mimi juu kwa wazazi. Nikanyanyua. Mlio ule — mzito, safi, bila mchanga ndani yake. Nikazungusha mbili-moja. Ikaita chini.

"Haloo," akasema Mzee.

Nikashindwa kuongea. Mimi niliyesikia maelfu ya simu!

"Haloo, nani huko?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, bosi."

Kisha nikampa Sista Teodora. Akaongea na Daktari Byabato aliyekuwa upasuaji. Alimsalimia, akamwuliza amekula nini. Basi, hayo tu. Akakata, akakaa kwenye benchi, akalia kidogo, akafuta uso kwa aproni, akaenda kuangalia wagonjwa wake.

Na kompyuta zinaonana! Stoo wameandika dripu arobaini na mbili, na chini kwenye kioo cha ofisi ikatokea arobaini na mbili. Mzee alichungulia, akasema kumbe zina habari, ila ni za dripu tu.

Ndalahwa alinipa mkono. Mkono ulikuwa na jasho.

Jumanne, 3 Novemba

Radi alfajiri! Ilitoka ziwani kama kawaida yake, ila hii ya leo ilikuwa na hasira. Kirumba, tunakokaa, umeme ukakatika. Saa moja sikuweza kukaa tena. Nikachukua baiskeli ya Otuoma, mvua ingali inanyesha, nikafika Kiseke nimejaa tope mpaka kwenye nyusi.

Imepiga. Nguzo ya korongo imepasuka kutoka juu hadi usawa wa kifua, ngozi yake imetupwa mita kumi. Nilipanda ngazi zote mia na arobaini bila kupumzika. Nikajua nitakuta simu imeyeyuka na muuguzi amelala chini.

Muuguzi Angela alikuwa kwenye simu, anacheka na mtu wa maabara.

Aliniambia kisanduku cha ukutani chenye vizuia radi kililia kama fataki, pa! kukawa na harufu, akapiga magoti akasali. Baada ya dakika kumi akanyanyua simu akijaribu tu. Ikaita. Nikafungua kisanduku. Vizuia radi vyote upande huu wa wazazi vimekuwa vyeusi kama makaa. Vimekufa vyote, vimeipeleka ile radi kwenye migomba! Simu nzima. Kompyuta nzima. Waya mzima, na nguzo imepasuka lakini imesimama. Watu wote wazima.

Ndalahwa akapanda. Kumbe hajawahi kupanda ngazi hizi tangu Pasaka. Nikamwekea kizuia radi kimoja kiganjani. Akakigeuza-geuza, kikampaka masizi.

"Na hii ingepita wapi, kama..."

"Sikioni kwa Angela, Bwana Katibu."

Akakitia mfuko wa shati, na shati lenyewe jeupe. Jioni, mbele ya wauguzi na Mzee, ameniita "Fundi Mkuu". Hakuwa anatania. Mzee Longino alinyoosha mgongo kuliko mimi!

Jumatano, 4 Novemba

Sasa tatizo. Vizuia radi vingine sina. Mjini hakuna, nimezunguka maduka yote ya Wahindi na stoo ya viwanda vya samaki. Ndalahwa amepiga simu Dar mwenyewe, akafoka na watu huko kwa sauti niliyoizoea mimi. Vitaletwa na ndege ya kesho mchana.

Kwa hiyo nimechomoa laini ya wazazi. Kwa mikono yangu. Simu imekaa pale ukutani, bubu. Upande wa chini ni salama, upande huu ni uchi. Sista alinitazama nikichomoa, hakubisha. Aliomba jambo moja tu: niwepo kesho tangu asubuhi. Kuna mama wa Kamanga, ana mimba ya pacha, na amekwisha kuanza kuumwa kiuno.

Nguzo iliyopasuka tumeifunga kwa mabati na waya. Itangoja.

Alhamisi, 5 Novemba

Saa tano asubuhi. Naandika nimekaa kwenye kigoda, baraza la wazazi, chini ya kisanduku. Ndalahwa ameshika njia ya uwanja wa ndege na Lendirova, anaendesha mwenyewe. Mzee yuko swichibodi chini. Wingu limesimama juu ya ziwa, jeusi kwa chini.

Saa tano na nusu. Pacha wa kwanza amezaliwa. Msichana. Analia vizuri. Wa pili amelala mkingamo tumboni, hivyo ndivyo nilivyomsikia Sista akimwambia Angela. Akatoka, glavu zina damu, akaniambia: "Namtaka Byabato." Mhudumu aliyetumwa chini amerudi: Daktari yuko chumba cha upasuaji, ana mtu mezani aliyegongwa na lori, hawezi kuliacha lile tumbo wazi akapanda huku. Lakini anaweza kuongea. Kuna muuguzi atakayemshikia simu.

Nilimwambia Sista ukweli. Laini haina kinga. Wingu lile linakuja.

Akasema: "Wewe ndiye unayelijua. Amua wewe."

Nimechomeka.

Nimevaa glavu za mpira, mkono wa kushoto nimeushika kwenye plagi. Angela ameshika simu ndani ya mlango, nimemwambia aiweke mbali na sikio, asikilize kwa mbali, sauti inatosha, laini ni safi. Mwanga ukipiga nahesabu sekunde mpaka ngurumo; zikipungua, radi inakaribia. Zikishuka hadi tatu nachomoa, nimewaambia wote. Naandika kwa mkono wa kulia.

Kumi na moja.

Daktari anasema mkono wa Sista uingie taratibu, utafute kisigino. Angela anarudia kila neno kwa sauti, kama mtoto anayesoma darasani.

Tisa. Upepo. Waya unacheza juu ya korongo, lakini umeshika. Nauona wote kutoka hapa, kuanzia nguzo ya kwanza. Nimeufunga mimi.

Mama anaomba kwa Kisukuma. Sista anamjibu kwa Kihaya, hawasikilizani na wanaelewana.

Sita. Matone ya kwanza.

Daktari anauliza ameshika mkono au mguu. Angela anauliza. Sista anajibu: mguu. Angela anapiga kelele kwenye simu: mguu! Daktari anasema usiuachie, subiri uchungu mwingine uje, usivute kabla.

Tano.

Nne. Sista amegeuka, amenitazama kupitia mlango.

Nne tena.

Sijachomoa.